Lambo Limeshika Maji, Baba Sayi

Sapiwi, kiangazi kinaelekea mwisho

Baba Sayi,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini mimi sikulelewa kuanza maneno bila salamu, na wewe ulikuwa mtu wa kununa siku nzima mtu akikupita bila kukusalimia.

Nimekaa juu ya tuta la lambo, upande wa mashariki, pale ulipopenda kuvua viatu na kuwaangalia ng'ombe wakinywa. Mambo haya nilikuwa nakueleza kaburini kila ninapokwenda kupalilia, lakini kila mara mtu anapita njiani na kuuliza, "Mama Sayi, unaongea na nani?" Nimechoka kukatizwa. Afadhali niandike. Tena leo utanisikiliza mpaka mwisho. Ulipokuwa hai, sijafika hata nusu ya habari, unasema "Nimeelewa," unachukua fimbo, unaondoka. Leo huna fimbo na huna pa kwenda, mume wangu.

Lambo limeshika maji.

Naliandika tena ili nilione kwa macho: lambo limeshika maji. Mto umebaki mchanga mtupu, majani yamekauka mpaka yanavunjika chini ya kandambili, mabua ya pamba yameng'olewa na kuchomwa, na mimi hapa nimekaa naangalia bata wawili wa porini wanaogelea katikati ya shamba letu kama wamezaliwa humu. Nililia nilipowaona siku ya kwanza. Nililia, halafu nikawafukuza, maana walikuwa wanachafua. Walirudi.

Ngoja nianze pale ulipoishia wewe.

Ulituachia lambo lililokufa. Sikulaumu, lilikufa polepole mikononi mwa wote. Lambo alilochimba baba yako kwa jembe na karai lilikuwa limejaa tope na samadi mpaka juu, kingo zimebomoka, ng'ombe wanaingia kutoka kila upande, na ikifika Julai linabaki dimbwi la kijani ambalo hata mbwa analinusa na kuondoka. Mwaka wako wa mwisho ulianza kulizoa tope peke yako. Kila jioni unarudi umepakaa udongo mpaka kwenye nyusi, watu wanakucheka, nami nilikuwa mmoja wao. Hukuacha wosia wowote kuhusu lambo. Uliacha jembe tu, limesimama kwenye tope, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulichomoa.

Matanga yalipoanuliwa, mdogo wako Luhende alikaa na mimi kabla ya kurudi kwake Katavi. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, kwa hiyo usidhani alisema kwa ubaya. Alisema, "Shemeji, mji unakaa kwenye maji. Hapa maji yameisha. Ng'ombe wa kaka wanakwenda mpaka mtoni kunyweshwa kwenye mashimo ya mchanga, na wewe ni mtu mmoja. Nitarudi kiangazi cha mwaka kesho. Nikikuta wanakunywa hapa nyumbani, sitafungua mdomo. Nikikuta bado wanakwenda mtoni, nitaondoka nao."

Nilimjibu, "Sawa, shemeji." Ungeniona! Sauti imara kabisa. Alipoondoka nikaingia ndani nikakaa chini.

Maana nilijua anachosema ni nini. Ng'ombe wakienda Katavi hawarudi. Bila ng'ombe hakuna wa kuvuta plau, hakuna maziwa, hakuna samadi ya shamba la mahindi. Ningebaki na nyumba na upepo. Mwisho wake ningehamia kwa Sayi, kwenye kile chumba chake cha kupanga Bariadi anakoshona nguo, nilale kati ya cherehani na ndoo, na wewe ubaki huku peke yako, kaburi lako likipaliliwa na mbuzi wa watu. Sikukubali. Nilikuwa nimekasirika, Baba Sayi, nikuambie ukweli. Nilimkasirikia Luhende, nikalikasirikia lambo, nikakukasirikia wewe uliyekufa katikati ya kazi.

Basi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Pamba ya mwaka ule ndiyo iliyoita kijiko, lile tingatinga la kuchimbia lililokuwa linatengeneza barabara. Siku lilipoingia shambani, nusu ya kijiji walikuja kutazama. Jembe lako nililichomoa mwenyewe kabla dereva hajaanza. Niliogopa lisije likavunjwa.

Kijiko kilizoa tope lote, kikalirundika hapa nilipokaa. Dereva akazima mashine, akauliza, "Mama, hapa panatosha, au tushuke?" Watu wote wakapiga kelele, "Shuka! Shuka!" Hakuna aliyebaki kimya. Nkwabi, jirani yako, ndiye alikuwa wa mbele, anaonyesha kwa fimbo chini kana kwamba dereva hajui chini ni wapi. Luhende naye alipigiwa simu, akasema washuke. Kijiko kikashuka. Kikapasua ule udongo mweusi mgumu, kikaendelea, mpaka meno yake yakatoka na mchanga mweupe.

Watu walishangilia! Akina mama walipiga vigelegele. Wewe mwenyewe ungeshangilia, usijitie ujuzi. Tangu tukiwa watoto, mchanga kwetu ndio maji. Kiangazi ukitaka kunywa unakwenda mtoni unachimba mchanga, maji yanachuruzika shimoni, unakinga na kata. Tulipouona mchanga chini ya lambo letu tulijua Mungu ametukumbuka. Nilichota konzi moja nikaja nao kaburini kwako. Labda uliuona. Labda ulicheka.

Halafu nikajenga uzio.

Hapa najua utataka kusema neno, nyamaza. Nilikuwa nimeapa lambo lisibomolewe tena na kwato kutoka kila upande. Sayi alimjua fundi mmoja wa mjini, fundi Idi, anayetengeneza mageti na nyua za watu Bariadi. Ni mtu mpole, mcheshi, haanzi kazi bila kusema bismillahi. Alikuja na futi yake, akaliangalia lambo, akasema, "Mama, nitakuwekea uzio kama wa ofisini. Umenyooka, pembe nne." Nikamwambia ofisi haina mapembe, na lambo halina pembe nne. Nataka uzio unaofuata tumbo la lambo lenyewe, unapinda linapopinda. Nataka geti ambalo nzagamba wetu, yule dume mkubwa, anapita bila kugonga pembe. Na nataka upande wa kijijini njia ya wanawake, mtu mwenye ndoo kichwani apite, ng'ombe asipite.

Akauliza, "Hayo mapembe yana upana gani?"

Unamjua yule dume wako, haguswi na futi ya mgeni. Nilimvizia anakula pumba, nikampimia kwa kanga yangu, nikafunga fundo huku na fundo huku, halafu nikaacha na upana wa kiganja kwa ajili ya kiburi chake. Kanga ile ndiyo fundi Idi aliyokwenda nayo karakana. Aliniambia wateja wake walidhani amepewa zawadi na mwanamke. Geti lilipokuja, dume alisimama mbele yake, akalinusa, akapita katikati kama bwana harusi.

Njia ya wanawake ilitutoa jasho. Fundi alichimbia nguzo za migunga kwa mpindo, kama kiwiko cha mkono, akafunga kamba kwanza badala ya nguzo za mwisho, akaniomba nipite na ndoo iliyojaa. Mara ya kwanza nilikwama. Akasogeza. Mara ya pili ndoo ilinimwagikia yote, nikalowa mpaka ndani, fundi Idi akageuka upande wa pili kwa heshima huku mabega yanamtetema kwa kicheko. Alisogeza tena na tena mpaka nikapita nikiwa naimba. Baba Sayi, ile ilikuwa siku ya kwanza kucheka tangu tukuzike. Nilishtuka kusikia sauti yangu.

Kosa langu lilikuwa kufuli. Nililinunua dukani Bariadi, kubwa, la njano, nikalifunga kwenye geti. Mpango wangu ulikuwa mzuri, nilitaka kujenga birika nje ya uzio ili ng'ombe wa kijiji chote wanyweshwe pale bila kukanyaga kingo. Lakini birika lilikuwa bado kichwani mwangu, na kichwa changu hakuna anayekiona. Watu waliona seng'enge na kufuli. Kwa watu wa hapa, unaweza kumnyima mtu shamba, unaweza kumnyima hata binti, lakini ukimnyima ng'ombe wake maji umemwambia afe. Salamu zilianza kupungua. Nkwabi alisimama dukani, akasema watu wasikie, "Mjane wa Malimi amefunga mvua kwa kufuli."

Niliambiwa. Nikasema mwambieni Nkwabi lambo ni la mume wangu. Na kufuli nikaliacha. Unanijua.

Mvua za kwanza zilikuja nzuri. Lambo lilijaa mpaka nikaogopa. Nilikwenda asubuhi, nikaenda mchana, nikaenda jioni, kama mtu mwenye mtoto mchanga. Halafu mvua zikapumzika, kama zinavyopumzika kila mwaka baada ya sikukuu, na maji yakaanza kuondoka. Si kwa jua, Baba Sayi. Jua linakunywa polepole. Haya yalikuwa yanateremka kama ndoo iliyotoboka. Nilichomeka kijiti ukingoni jioni, asubuhi nakikuta kimesimama nchi kavu. Kabla Januari haijaisha, lambo lilikuwa shimo. Mchanga mweupe, msafi, mkavu. Ungeweza kuanikia mtama.

Kijijini walisema maji yamekasirishwa na kufuli. Mimi sikuamini, lakini sikuwa na jibu lingine. Nilimpigia Sayi simu nikalia tu, naye akalia huko kwenye cherehani yake mbele ya mteja. Nikaanza kupanga moyoni nitakavyofunga vyombo. Nilifika mahali pa kuchagua sufuria gani iende Bariadi na ipi apewe nani.

Siku moja nilishuka ndani ya lile shimo. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu kuwa pale ulipokuwa unachimba. Nikakaa karibu na geti, mahali ambapo ng'ombe wetu huteremkia kunywa, na ambapo kijiko hakikufika sana kwa sababu dereva aliogopa kuharibu njia. Na pale chini, kwenye udongo mweusi, nikaona maji. Yalikuwa kwenye nyayo za ng'ombe. Kila alama ya kwato ilikuwa imeshika maji yake, kidogo, kama bakuli, na kando yake mchanga ulikuwa mkavu kabisa.

Nilizitazama zile kwato mpaka shingo ikauma. Halafu nikakumbuka mashati yako.

Unakumbuka tulivyogombana kwa ajili ya mashati? Kila mwaka, lambo likibaki tope na mvua zinakaribia, wewe na baba yako na Nkwabi na wengine mlikuwa mnaingiza ng'ombe wote wa jirani ndani ya lambo, mnawazungusha, mnawazungusha, mnapiga miluzi, madume yanapandishana mori, na ninyi mnarudi mmepakaa tope mpaka masikioni, mnacheka. Nilidhani ni michezo ya wanaume ya kuonyeshana madume. Nilikuwa nakufulia huku nakutukana. Nilikuuliza hii kazi ina faida gani. Ukasema, "Lambo linapenda miguu." Nikadhani ni utani wako. Baada ya baba yako kufariki mliacha, mmoja mmoja, kila mtu na shughuli zake, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu tumekiacha.

Baba Sayi, mlikuwa mnalishindilia! Kwato za miaka yote zile ndizo zilikuwa chungu chenyewe. Na sisi tulikipasua chungu kwa kijiko, tukapiga na vigelegele.

Nilipanda juu nikimbia, na mimi si wa kukimbia tena. Ng'ombe wetu ni wachache, ungewazungusha mpaka Pasaka wasingemaliza shimo lile. Nilihitaji ng'ombe wa kijiji. Nilihitaji wale wale niliowafungia kufuli.

Nilikwenda kwa Nkwabi asubuhi yake. Alikuwa anatengeneza nira. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua macho, akaniacha nimesimama mpaka mkewe akaona aibu akaniletea kigoda. Nikamweleza. Kwato, mchanga, chungu, mashati, yote. Nilipofika pa mashati aliweka nira chini.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Mimi nilikuwa nafuata tu wanavyofanya wakubwa. Hata mimi nilisema kijiko kishuke, mayu. Nilisema kwa nguvu kuliko wote."

Nikasema, "Naomba ng'ombe wako."

Akasema, "Kufuli?"

Nikalitoa kwenye pindo la kanga, nikaliweka kwenye kiganja chake pamoja na ufunguo. Alilipima uzito, akacheka, akanirudishia. "Mpe binti yako afungie chumba chake mjini, huko ndiko kwenye wezi. Nina sharti moja." Nikamwuliza sharti gani. Hapa naomba ukae chini, mume wangu, kama huko mnakaa. Alisema, "Siku ya kukanyaga, Bagika ndio wapige ngoma. Kwenye lambo la Mgalu. Wapige mpaka wachoke."

Nilikubali. Ningefanya nini? Wewe Mgalu wa kuzaliwa, uliyeshindana ngoma na Nkwabi na Bagika wenzake tangu mna meno ya utotoni, uliyekataa kuoa kwa jirani kwa sababu baba mkwe alikuwa Mgika, umepigiwa ngoma ya Bagika ndani ya lambo la baba yako. Usikasirike. Uliwahi kuniambia wanapiga vibaya. Hawapigi vibaya.

Kwanza tulizika mchanga. Mikokoteni ya ng'ombe ilibeba udongo wa vichuguu kutoka mashamba ya watu, ule mwekundu unaonata, wanawake wakachota maji yaliyobaki kwenye madimbwi ya korongo, tukaulowesha. Nguzo tatu za uzio ziling'olewa ili kupanua mlango, na fundi Idi, aliyekuja kwa ajili ya geti tu, akakunja suruali akaingia tope. Halafu makundi yakaja. Sijui walikuwa ng'ombe wangapi. Nilikuwa sijaona ng'ombe wengi namna ile hapa kwetu tangu nilipoolewa. Ngoma ikalia, wakaingia, wakazunguka, vumbi kwanza, halafu tope, halafu ile sauti ya kwato kwenye udongo mzito, chapu, chapu, chapu. Wenye majembe walicheza nyuma yao, wanarusha majembe juu na kuyadaka kama siku za kulima kwa ngoma. Mimi niliingia na jembe lako. Nilicheza, Baba Sayi. Mjane mzima! Niliporudi nyumbani nguo zangu hazikutamanika, nikazifua mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumtukana.

Tuliendelea hivyo mpaka udongo ukawa unang'aa kama sakafu iliyosiribwa.

Ule mlango tulioupanua, sikuurudishia seng'enge. Mke wa Nkwabi alikuja na fimbo za minyaa kutoka ua wa kwake, akasema, "Chomeka hizi, waya haushiki mizizi." Kesho yake akaja mwingine na za kwao. Kabla wiki haijapita kila kaya ilikuwa imeleta minyaa yake, tukaipanda kuzunguka lambo lote kwa ndani ya waya, tukijikinga macho na utomvu. Sasa imeshachipua. Waya ukioza, uzio utakuwa umekwisha simama wenyewe. Ukipita unaweza kuambiwa hii ni ya kwa Nkwabi, hii ya kwa mama Holo, hii ya kwa mwalimu. Kuna moja ya kwetu, niliikata kwenye ua ule ulioupanda mwaka tulipooana. Nimeichomeka karibu na geti.

Na birika limejengwa, nje, refu, la saruji, na bomba linalopita chini ya tuta. Ng'ombe wa watu wananywa pale. Wa kwetu pia wananywa pale, hawana upendeleo. Geti linafunguliwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya kukanyaga. Wanawake wanapita kwenye kiwiko chao na ndoo, na wengine wanaimba.

Masika yalikuja. Nilichomeka kijiti tena. Asubuhi nilikikuta ndani ya maji, pale pale nilipokiacha. Nilikaa nacho siku nzima kama mchawi.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna udongo wa kichuguu ungekitengeneza. Yule ng'ombe wako Madoa, anayeongoza wenzake, tangu ufe alikuwa hanywi vizuri. Anakunywa kidogo, anainua kichwa, anatazama njia ya nyumbani, na akiinua yeye wote wanainua. Alikuwa anangoja mluzi wako. Ule mrefu, unaopanda na kushuka, uliokuwa unawapigia wakinywa mpaka mwisho. Nkwabi alijaribu, akaambulia kutazamwa. Mimi sikujaribu. Mama yangu alinifundisha mwanamke hapigi mluzi, anaita nyoka.

Juzi Luhende akaja. Alishuka na fimbo ndefu na viatu vya safari, na vijana wa kuswaga ng'ombe alikuwa ameshawaambia wakae tayari Maswa. Hakuingia ndani hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja lambo, nami nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Alizunguka uzio wote. Alipapasa geti. Alipita kwenye kiwiko cha wanawake, fimbo yake ikakwama, akairudisha, akapita bila fimbo. Akasimama ukingoni anaangalia maji, na wale bata wangu nao wanamwangalia.

Ng'ombe wakafika birikani kunywa. Madoa akanywa kidogo, akainua kichwa. Wote wakainua.

Luhende akaniuliza, polepole, "Shemeji, siku hizi nani anawapigia mluzi?"

Sikuweza kusema hakuna. Nilikuwa nimeleta udongo, nimeleta waya, nimeleta kijiji kizima na Bagika wao, nisingeshindwa kwa pumzi. Nikakaza midomo kama ulivyokuwa unakaza wewe. Ya kwanza ilitoka upepo mtupu. Ya pili ilitoka mate. Ya tatu ikatoka mluzi, Baba Sayi, mwembamba, umepinda, kama wa mtoto aliyeng'oka meno, lakini ulipanda pale unapopanda na ukashuka pale unaposhuka. Kumbe nilikuwa nimeushika. Nimeusikiliza jioni zote za ndoa yetu nikiwa jikoni, na sikujua.

Madoa aligeuza masikio. Alinitazama. Halafu akashusha kichwa, akanywa, akanywa, koo lake linapanda na kushuka, na wenzake wote pembeni yake. Sikuacha kupiga mluzi mpaka waliposhiba wakaondoka wenyewe.

Luhende alikuwa amenigeuzia mgongo. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akanishukuru, "Wabeja, shemeji. Nitawaambia vijana warudi kwao." Alilala hapa, akala ugali na mlenda mpaka akaomba tena, na asubuhi kabla hajaondoka alichomeka fimbo yake ya minyaa kwenye uzio, aliikata kwenye ua wetu bila kuniomba. Anasema siku ya kukanyaga atakuja kutoka Katavi.

Basi ndiyo hayo. Sayi hajambo, kufuli analo, anasema linamtosha mlango na dirisha. Jembe lako nimelitundika ukutani juu ya kitanda, upande wako. Kuna usiku nalinyooshea mkono nalipapasa mpini. Upweke haujaisha, nisikudanganye. Lakini asubuhi nikiamka sijiulizi tena niamkie nini.

Pumzika, Baba Sayi. Nakuahidi lambo halitafungwa tena, na kila mwaka litapata miguu yake, hata kama ni kwa ngoma ya Bagika. Sitahama. Utapaliliwa na mimi, si mbuzi.

Jua limeinama, ng'ombe nawasikia wanakuja. Naweka kalamu nikawapigie. Mluzi wangu bado mbovu. Ukiusikia huko uliko, usicheke. Itikia.

Ni mimi mkeo,
Kabula